Kamera gani ninunue? Maswali ninayoulizwa na wanaoanza kupiga picha Mombasa

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na sehemu kubwa ni sherehe za wanawake: usiku wa hina, kupamba, siku bi harusi anapotolewa. Wasichana wanaotaka kuingia kazi hii, na kaka zao wanaopiga picha za nikahi na mahafali, huniuliza maswali yale yale juu ya kamera, na wengi huniuliza wakiwa wameshanunua. Nimeyaandika hapa ili mtu ayasome kabla pesa hazijamtoka.

Mfumo wa kamera ni nini? Si nanunua kamera tu?

Hununui kamera tu. Unanunua ukoo wa vitu vinavyokubaliana: bodi (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi, flashi, betri, chaja. Kinachoamua nani ni ndugu na nani mgeni ni mdomo wa kamera, ile pete ya chuma ambapo lenzi hujifunga. Mdomo wa Nikon F upo tangu 1959 na wa Canon EF tangu 1987. Kamera za kisasa zisizo na kioo ndani (mirrorless) zina midomo yake: Sony E ilianza 2010, Fujifilm X 2012, Canon RF na Nikon Z zote mbili 2018. Lenzi ya Nikon haikai kwenye bodi ya Canon, na chaja ya mmoja haimfai mwingine.

Bodi utaibadilisha baada ya miaka minne au mitano. Lenzi ikitunzwa itakaa nawe zaidi ya hapo sana. Ile ninayoitegemea zaidi imeshapita bodi tatu. Ndiyo maana mtu akiniuliza "ninunue bodi gani?", mimi humuuliza kwanza: wenzako wanaopiga picha wana lenzi gani?

Basi ipi bora: Canon, Nikon, Sony au Fujifilm?

Picha ya bi harusi iliyopigwa vizuri kwa yoyote kati ya hizi nne, mamake hatajua imetoka kampuni gani. Wewe unayeanza, hesabu kwanza watu walio karibu nawe wenye mfumo huo.

Jumamosi moja, saa mbili za usiku, lenzi yangu ya zumu (ile inayovuta picha karibu na mbali) ilikwama nikiwa ukumbini Nyali na bi harusi yuko njiani. Nilimpigia mwenzangu aliyekuwa Kizingo, akanitumia yake kwa bodaboda, nikaifunga kwenye bodi yangu na kazi ikaendelea, kwa sababu sote wawili tulikuwa na Canon. Ningekuwa na mfumo wa peke yangu, usiku ule ningeumaliza na lenzi moja ya milimita 50. Mtu anayepima kamera akiwa Tokyo au London hawezi kukuhesabia hilo. Na si kuazimana tu. Ukitaka kukodi lenzi kwa kazi moja, ukitaka fundi aliyewahi kuifungua kamera kama yako, ukitaka mnunuzi siku ya kuiuza, yote yanategemea wangapi mjini wana mfumo huo.

Baada ya hapo ndipo tutazame tabia za kila moja, na mitego yake.

Canon ina lenzi nyingi sana za EF zinazouzwa zikiwa zimetumika, na adapta ya kuzitia kwenye bodi mpya za RF hufanya kazi vizuri, otofokasi (kamera kujitafutia fokasi) na yote. Mtego wake ni kamera ndogo za EOS M. Zilianza 2012 na Canon ikaachana nazo 2023, na lenzi zake za EF-M haziingii kwenye RF hata kwa adapta. Zinavutia kwa bei, lakini ni njia isiyotokea upande wa pili. Jambo jingine: kwa RF, lenzi za bei nafuu za kampuni nyingine zilichelewa. Sigma na Tamron ziliruhusiwa 2024, tena zikaanza na zile za kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga).

Nikon hutoa picha zenye uwezo mkubwa wa kurudisha maelezo yaliyofichwa kizani, jambo zuri ukiwa na kanzu nyeupe na buibui jeusi katika fremu moja saa saba mchana. Mtego wake uko kwenye lenzi za zamani zenye herufi D. Nyingi hazina mota ndani ya kusogeza fokasi, zinategemea mota ya bodi, na bodi za chini kama mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Adapta ya FTZ, ya kutia lenzi za F kwenye bodi za Z, nayo haina. Nimemwona msichana akinunua 50mm f/1.8D kwa furaha, akafika nyumbani akakuta inambidi azungushe fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Sony ndiyo yenye uchaguzi mpana zaidi wa lenzi kwa kamera zisizo na kioo, kwa kuwa Sigma, Tamron na wengine wameitengenezea kwa miaka mingi. Hilo linapunguza gharama kweli kweli. Mimi ningekuwa naanza leo, sina hata lenzi moja, na nina wenzangu wawili watatu wenye Sony, ningeingia huko.

Fujifilm X ina rangi zinazopendeza moja kwa moja kutoka kwenye kamera, na lenzi zake ni ndogo. Sensa zake zote katika mfumo wa X ni za APS-C (zile ndogo). Ukitaka kukua hadi fulufremu (sensa kubwa zaidi) itabidi uhame mfumo mzima.

Fulufremu au APS-C?

Sensa ya fulufremu ina milimita 36 kwa 24. Ya APS-C katika Nikon, Sony na Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo zaidi. Kwa eneo, fulufremu ni zaidi ya mara mbili. Mkitumia mpangilio mmoja wa lenzi na kasi ya shata (mlango unaoruhusu mwanga kufika kwenye sensa), fulufremu hukusanya mwanga zaidi ya mara mbili, na ukumbini tofauti hiyo huonekana: chembechembe zinapungua, ngozi inabaki laini.

Hata hivyo, lenzi inaweza kukupa zaidi ya hapo kwa pesa kidogo. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ukiivuta, hufunga mpaka f/5.6 (nambari ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Lenzi ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara kumi ya huo. APS-C yenye f/1.8 itaishinda fulufremu yenye f/5.6 usiku wowote. Kwa hivyo mwenye fedha kidogo asijibane kununua bodi ya fulufremu halafu akaitia lenzi dhaifu. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko lolote jingine.

Kitu kimoja hasa cha hapa kwetu: vyumba. Nenda Mji wa Kale umpige picha bi harusi chumbani kwao, pamoja na mamake, shangazi wawili na kitanda cha samadari. Kwenye APS-C ya Canon, lenzi ya 50 huona kama 80 ya fulufremu, na mgongo wako utagusa ukuta kabla hujawapata wote. Kwenye chumba kama hicho unahitaji kitu kama milimita 16 hadi 18 kwa APS-C, au 24 hadi 28 kwa fulufremu. Ukipanga lenzi zako, panga kwa vyumba unavyovijua.

Je, ninunue DSLR (kamera yenye kioo ndani) wakati kila mtu anahamia kamera zisizo na kioo?

Tangu 2020 Canon na Nikon hazijatoa DSLR mpya, kwa hiyo mwelekeo unajulikana. Lakini kamera haisimami kufanya kazi kwa sababu kampuni imeacha kuiendeleza. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo, DSLR iliyotumika kama Canon 6D ya 2012 au Nikon D750 ya 2014 ni fulufremu halisi, betri yake hudumu harusi nzima, na bei yake imeshashuka.

Zisizo na kioo zinashinda mahali pawili. Otofokasi yake hutafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania, hata bi harusi akitembea. Na zinaweza kupiga picha bila sauti yoyote, jambo la heshima kubwa msikitini wakati wa nikahi, sheikh akisoma hotuba na watu wakiwa kimya.

Lakini hapo kwenye upigaji wa kimya kuna tatizo linalofuata.

Mbona picha zangu za ukumbini zina mistari ya giza kama mkeka?

Taa. Umeme wa Kenya ni wa 50Hz, na taa nyingi za LED na za mirija humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona. Shata ya kimya husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia. Rudi kwenye shata ya kawaida ya mitambo, weka kasi ya 1/100 au 1/50, na kama kamera ina mpangilio wa kuzuia kumetameta, uwashe. Kwa video, badilisha mfumo wa video wa kamera kutoka NTSC (wa nchi za umeme wa 60Hz) uwe PAL (wa 50Hz kama wetu), upige fremu 25 au 50 kwa sekunde. Kamera nyingi zinazoletwa kutoka Marekani na Japani hufika zikiwa kwenye NTSC, na watu huilaumu kamera ilhali ni jambo la dakika moja kwenye menyu.

Kabla ya kwenda kununua bodi ya bei kubwa kwa sababu "hii yangu ina mistari", jaribu hilo kwanza.

Nina laki na nusu tu. Niigawe vipi?

Bodi iliyotumika isizidi theluthi moja na kidogo. Fungu kubwa liende kwenye lenzi: moja ya f/1.8 kwa nyuso, na zumu moja ya f/2.8 ikiwezekana, hata ya Tamron au Sigma iliyotumika. Kisha flashi moja inayoweza kugeuza kichwa ili upige mwanga kwenye dari (dari nyingi za kumbi zetu ni nyeupe, na dari nyeupe ni msaada mkubwa). Kilichobaki ni betri ya pili, kadi mbili za kampuni inayoaminika, na sanduku la plastiki linaloziba vizuri, ambalo nitalieleza chini. Usimalize laki na nusu yote kwenye bodi. Mtu mwenye bodi mpya na lenzi ya f/5.6 hana alichonunua kwa kazi ya usiku.

Megapikseli ngapi zinatosha?

Picha ya A4 iliyochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli kama 9. A3 inahitaji kama 17 na nusu. Albamu za harusi hazipiti hapo, na picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa sana. Megapikseli 20 hadi 24 zinatosha. Zaidi ya hapo unalipia pia kadi kubwa na kompyuta yenye nguvu.

Nitajuaje kamera iliyotumika ni nzima?

Mkutane mahali pa watu, mchana, na usitume M-Pesa kabla hujaishika mkononi. Uliza boksi na risiti. Kama havipo, andika nambari ya bodi na umwambie muuzaji mwandikiane karatasi ya mauziano yenye nambari hiyo na nakala ya kitambulisho. Mtu mkweli hatakataa.

Kisha uikague kwa utulivu. Fungua lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utazame kwa mbele ukiigeuza. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hata kama bei ni nusu. Weka lenzi f/16, piga picha ya ukuta mweupe au mbingu. Madoa meusi ni uchafu kwenye sensa, na mengi husafishika. Uliza idadi ya shata, yaani imeshafunguka mara ngapi: bodi za chini hukadiriwa kudumu kama mizunguko 100,000, za kati 150,000, na nyingine hupita mbali sana, nyingine hufa mapema. Jaribu kila kitufe, na kila tundu la kadi.

Sasa jambo ambalo orodha za mitandaoni hazina. Kamera iliyoishi pwani, itazame skrubu zake, pete ya mdomo, na kile kiti cha chuma juu pa kushikia flashi. Ukiona kutu ya kijani au nyeupe, chumvi imeshaingia. Nje inaweza kung'aa kwa kufutwa, lakini chumvi iliyofika ndani inaendelea kula nyaya polepole. Kamera iliyopigia picha Jumapili zote pale Mama Ngina na kwenye feri ya Likoni si sawa na iliyokaa studio, hata zikiwa na idadi moja ya shata.

Kuvu inaingiaje, na nafanya nini?

Nilipoteza lenzi ya 85 kwa njia hii. Niliiweka ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, masika yakaja, sikuwa na kazi iliyoihitaji kwa miezi miwili. Nilipoitoa, kioo cha ndani kilikuwa na nyuzi. Fundi aliifungua na kuisafisha, lakini kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga juu ya kioo, na alama haikutoka. Mpaka leo ukiielekeza kwenye taa, picha inakuwa na ukungu. Iliniuma kwa sababu niliinunua kwa malipo ya kazi zangu za mwanzo.

Unyevu wa hewa Mombasa uko juu ya asilimia 70 siku nyingi za mwaka, na kuvu inapenda unyevu, giza na hewa isiyotembea. Mkoba wa ngozi kabatini una vyote vitatu. Nunua sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba, tia vifuko vya silika, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Vifuko vikishiba maji, vile vinavyobadilika rangi vinaweza kukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Na uitumie lenzi yako. Lenzi inayotoka nje kila wiki ni nadra kushikwa na kuvu.

Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kumpokea bi harusi, kioo kitajaa mvuke. Iweke kamera kwenye mkoba uliofungwa, uutoe nje nusu saa kabla, ipate joto taratibu. Ukishindwa, acha bodi moja nje na mtu unayemwamini. Baada ya kazi ya ufukweni, futa bodi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, halafu kikavu, siku hiyo hiyo.

Ndugu yangu yuko Dubai. Aniletee?

Inaweza kuwa nafuu, lakini hesabu yote. Kifaa kikipita forodhani huenda ukadaiwa VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine. Muulize muuzaji kama dhamana yake inatambulika Kenya. Mara nyingi dhamana ni ya nchi ilikonunuliwa. Ukipata hitilafu mwezi wa pili, utairudisha Dubai au utalipa fundi? Kwa lenzi ningekubali. Kwa bodi mpya ya bei kubwa, tofauti ikiwa ndogo, ningenunua hapa kwa mtu mwenye duka ninayeweza kumwendea.

Nitajuaje ubora wa ziada unastahili bei yake?

Chukua bei ya kununulia, toa bei unayotarajia kuiuzia, gawa kwa idadi ya kazi. Tuseme bodi ya Sh120,000 utaiuza Sh60,000 baada ya miaka mitatu, na unafanya kazi 40 kwa mwaka. Hiyo ni Sh500 kwa kila kazi. Bodi ya Sh300,000 utakayoiuza Sh180,000 inakugharimu Sh1,000 kwa kazi. Swali sasa limekuwa dogo na lenye jibu: je, hiyo bodi itakuletea zaidi ya Sh500 kila kazi, kwa mteja anayelipa zaidi au kwa saa za kuhariri zinazopungua?

Kwa anayefanya kazi 40, mara nyingine jibu ni ndiyo. Kwa anayefanya kazi sita kwa mwaka, gawa tena uone: ya kwanza inakuwa zaidi ya Sh3,300 kwa kazi, ya pili zaidi ya Sh6,600. Huyo akodi.

Simu yangu mpya haitoshi?

Mchana, kwa picha za mtandaoni, inatosha. Usiku, kwa watu wanaocheza, haitoshi. Na kwenye sherehe nyingi za wanawake simu haziruhusiwi kabisa.

Niuze kila kitu nihamie mfumo mwingine?

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kuhama ni kuuza lenzi zote kwa hasara na kununua nyingine kwa bei kamili. Andika picha tano ulizozikosa mwaka huu, na kando yake andika sababu. Kama tatu kati ya tano ni kamera haikushika fokasi gizani, una hoja. Kama ni kwamba ulichelewa, au flashi iliishiwa betri, mfumo mpya hautakusaidia.

Kwa sherehe za wanawake, kuna sifa ya kamera ninayopaswa kuitafuta?

Ndiyo, matundu mawili ya kadi. Nikon D750, Canon 5D Mark III na Sony A7 III zote zinayo. Canon 6D ina moja. Kadi huharibika bila kukuaga, na kupamba hakurudiwi. Weka kamera iandike picha ile ile kwenye kadi zote mbili.

Na zima Wi-Fi na Bluetooth ya kamera kabla hujaingia ukumbini. Wale wanawake wamevua buibui mbele yako kwa sababu wamekuamini. Picha zisipite simuni kwako, zisipande kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, na msaidizi wako asibaki na kadi usiku. Mimi kadi moja humkabidhi mama wa bi harusi mkononi kabla sijaondoka, ya pili naenda nayo kuhariri, na nikishakabidhi albamu tunaifuta pamoja akiwa anaona.